Inchi 17 na Nyonga Zangu

Nauza mapazia Kariakoo, na kazi ya mapazia ni kazi ya kupima. Mteja akija akaniambia dirisha lake ni "la kawaida tu", namrudisha nyumbani akachukue vipimo, maana dirisha la kawaida sijaliona tangu nianze biashara hii. Mimi mwenyewe ni mwanamke mwenye mwili: kilo 138, kimo cha wastani, nyonga nimezirithi kwa bibi mzaa mama. Kilo zangu nazitaja waziwazi kwa sababu atakayesoma ushuhuda huu huenda naye ana mwili, na atataka kujua mapema kama maneno haya yanamhusu au ni ya mtu aliyezidi kilo tano baada ya sikukuu.

Nyumbani mwili huu haujanipa taabu. Nikirudi Tanga naambiwa nimenawiri, na shangazi zangu hawasemi hivyo kwa kejeli. Kwenye daladala konda akinipigia kelele, "Mama bonge, hiyo ni siti mbili!" namjibu palepale aanze yeye kulipia mdomo wake, abiria wanacheka, tunasogeleana, gari linaondoka. Ndani ya ndege nilikuwa mtu mwingine kabisa. Pale hakuna anayepiga kelele, hivyo hakuna wa kumjibu. Watu wanakutazama ukija kwenye ujia, wanatazama siti iliyo tupu pembeni yao, wanakutazama tena. Basi. Na ile siti ina namba yako, kana kwamba mlikaa mkaelewana.

Mzigo wangu naufuata Guangzhou, kwenye soko la vitambaa la Zhongda. Kutoka Dar es Salaam kwa ndege isiyotua njiani ni saa kumi na ushei hewani. Ukipitia Addis Ababa au Doha, ongeza usingizi wa kwenye viti vya kusubiria. Kwa safari hizo nilikuwa na taratibu zangu. Chakula nilikiacha tangu mchana. Maji sikuyagusa, ili nisije nikalazimika kwenda chooni na kuwanyanyua watu wawili. Nilichukua siti ya dirishani, nikajibanza ukutani, mikono nimeikunja kifuani kama maiti. Mkanda ulikuwa unapungua vidole vinne, basi nikitandaza mtandio juu ya mapaja, mhudumu akipita anaona mama ametulia, anaendelea na safari yake. Nafika Guangzhou viatu havivaliki kwa uvimbe, ubavuni nina mchoro wa mkono wa siti, na siku ya kwanza ambayo ningeizungukia Zhongda naimaliza chumbani mtaa wa Xiaobei nikijichua dawa ya maumivu. Mume wangu alidhani miguu inavimba kwa sababu ya presha. Sikumsahihisha.

Aliyenivuruga ni mama mmoja wa Lubumbashi. Tulisimama foleni moja Addis Ababa, tukisubiri kuingia ndegeni. Alikuwa mpana kunizidi, kitenge chake kimeshonwa mikono mikubwa ya kufutuka, na hakuwa na haraka na mtu. Tulipofika mlangoni mwa ndege akamwambia mhudumu, kwa Kiingereza chake cha biashara, kwamba anataka mkanda wa kuongezea. Kisha akageuka akanikagua kuanzia kilemba hadi viatu. "Na huyu mama pia," akasema. "Utupatie mbili." Nilitamani ardhi ipasuke, ingawa pale hapakuwa na ardhi, palikuwa na lile daraja la chuma.

Mhudumu hakushtuka. Alifungua kikabati kilichokuwa nyuma yake, akatoa vipande viwili vya mkanda vilivyokunjwa, akatupatia bila kuacha kumkaribisha abiria aliyekuwa nyuma yetu. Hicho kitu nilikuwa sijawahi kukishika. Ni kipande kifupi tu: upande mmoja ulimi wa chuma, upande wa pili kifungo kama kile cha siti. Ulimi unauchomeka kwenye kifungo chako, halafu ulimi wa mkanda wa siti unakuja kuingia kwenye kifungo cha nyongeza. Tak, tak, umemaliza. Mwisho wa safari unakirudisha, kwa sababu ni mali ya ndege. Vinavyouzwa mtandaoni mashirika mengi hayavikubali, na vifungo vya ndege hii si lazima vioane na vya ndege ile, kwa hiyo usihangaike kununua cha kwako. Nilifunga mkanda ukakaza vizuri tumboni, na ule mtandio nikaufanya mto.

Baada ya kupaa nilimwona yule mama mstari wa nyuma yangu. Alikuwa amenyanyua mkono uliotenganisha siti mbili, amekaa katikati amejiachia, chakula chake kiko kwenye meza ya jirani asiyekuwepo. Nikamwambia amebahatika, siti imebaki tupu. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kidogo. "Haiko tupu, mama. Nililipa. Iyi kiti haiko bwana yangu, niibembeleze."

Sikumpenda. Safari nzima nilikuwa nimemkasirikia, na sikuweza kusema kwa nini.

Niliporudi dukani nikafanya jambo ambalo ningelifanya kwa mteja yeyote. Nilikaa kwenye benchi, nyonga moja imegusa ukuta. Binti anayenisaidia akasimamisha jora la kitambaa kizito upande wa pili, akalisogeza taratibu mpaka likanigusa bila kunibonyeza. Nikanyanyuka, tukavuta futi kamba kutoka ukutani hadi kwenye jora: sentimita 56. Binti akaandika kwenye daftari la oda, chini ya mapazia ya mteja wa Tegeta, hakuuliza hilo ni dirisha la nani.

Sentimita 56 ni inchi 22. Siti ya daraja la kawaida kwenye ndege za masafa marefu ina inchi 17 hadi 18 kati ya mkono na mkono, yaani sentimita 43 hadi 46. Hapo kuna upungufu wa sentimita kumi na kitu. Mteja akiniletea kitambaa kinachopungua kiasi hicho simwambii ajikaze, wala simwambii dirisha lake halina adabu. Namwambia kitambaa hakitoshi, tutafute upana mwingine. Nilikaa na lile daftari kwa muda mrefu siku ile. Hesabu ndogo namna ile, ya kujumlisha na kutoa, na mimi nilikuwa nimeibeba safari baada ya safari kama siri ya ndoa.

Tangu hapo nikaanza kuzipima ndege. Boeing 787, hiyo Dreamliner ambayo Air Tanzania wanayo na Kenya Airways wanayo, kwa ndani ina upana wa karibu mita 5.49. Toa njia mbili za kupita, toa mikono ya siti, gawanya kwa watu tisa, unabaki na inchi 17 na nukta. Waliochora ndege ile walikuwa na mpango wa watu wanane kwa mstari pia, lakini karibu kila shirika lilichagua tisa. Japan Airlines kwa safari zao za nje walibaki na wanane. Boeing 777 ni pana zaidi, karibu mita 5.87. Miaka ya nyuma ilikuwa inakaliwa na watu tisa kwa mstari, na siti yake ilivuka inchi 18. Siku hizi mashirika mengi yanapanga kumi. Ndege haikupungua hata sentimita, aliongezwa mtu.

Airbus A350 watu wanaisifu sana. Ni kweli imeizidi Dreamliner kwa sentimita kama 12, lakini zigawe kwa watu tisa uone kila mmoja anaondoka na ngapi: moja na ushei. Nyonga zangu hazina habari na sentimita moja. Ninayoitafuta mimi ni A330, kwa sababu mpangilio wake wa kawaida ni siti mbili pembeni, nne katikati, mbili pembeni. Zile mbili za pembeni ni chumba. RwandAir wanazo A330, Uganda Airlines wanazo pia, na mashirika kadhaa ya Ulaya na Ghuba. Kwenye 777 ya watu kumi, mistari michache ya nyuma kabisa, pale mwili wa ndege unapoanza kuchongoka, mara nyingi inabaki na siti mbili mbili pembeni badala ya tatu. Watu wanaikimbia kwa sababu iko karibu na vyoo na chakula kinafika kimechaguliwa. Mimi naigombania.

Na jambo lililonichekesha: ndege ndogo inaweza kuwa na siti pana kuliko kubwa. Airbus A220, ambazo Air Tanzania wanazitumia safari za karibu, zimechorwa siti mbili upande mmoja na tatu upande mwingine, na ile ya katikati ndiyo iliyopewa upana mkubwa, hadi inchi 19. Yaani kwenda Mwanza nakaa vizuri kuliko kwenda China.

Nikajiuliza siti hizi wanampimia nani. Kwenye usalama nilipata jibu. Viti vya ndege za abiria vinajaribiwa kwa sanamu lenye uzito wa kilo 77, linafungwa mkanda na kutikiswa kwa nguvu ya mara 16 ya uzito wake. Kanuni hiyo ya Marekani ni ya mwaka 1988, na nchi nyingine zinafuata mkondo huohuo. Sanamu ni mwanaume wa wastani. Sina ugomvi naye, ila nyonga hana. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliiagiza mamlaka yao ya anga iweke kipimo cha chini cha siti, na mwaka 2022 mamlaka ilipowauliza wananchi maoni yao, walijibu zaidi ya 26,000. Sikujua kama tuko wengi namna hiyo tunaolalamika.

Wenye ndege ndogo ni waungwana zaidi kwa hili, naona. Kwenda Mafia kwa Cessna Caravan unaulizwa kilo zako, na wakitilia shaka unapandishwa kwenye mzani pamoja na begi lako, mbele ya watu. Mara ya kwanza nilisita. Kijana wa mzani akasema, "Shikamoo mama, panda tu, hata rubani amepanda." Akaandika namba, rubani akapanga nani akae wapi, tukaondoka. Hakuna aliyenisikitikia. Shirika la Finland, Finnair, mwaka 2024 liliwaomba abiria wake wapimwe na mizigo yao kwa hiari, bila jina, ili wapate hesabu sahihi ya uzito. Kupimwa sikuoni tena kuwa ni udhalilishaji. Udhalilishaji ni kupimwa kwa macho.

Watu wananiuliza kwa nini nisipungue tu. Napungua, naongezeka, napungua tena. Mimi na daktari wangu tuna mazungumzo yetu na yanaendelea. Lakini ndege inaondoka Jumanne.

Basi nikaanza kununua, na hapo ndipo palipo na mitego. Mtego wa kwanza niliuziwa na wakala wangu wa tiketi, kijana mwenye nia njema kabisa. Akanilipisha nyongeza kwa siti ya mbele, ile inayotazama ukuta, "ili mama unyooshe miguu." Miguu ilinyooka. Lakini siti za mbele ya ukuta hazina mgongo wa siti nyingine wa kubeba meza, kwa hiyo meza imefichwa ndani ya mkono wa siti, na mkono wenye meza ndani haunyanyuki, umeziba kuanzia juu hadi chini. Nilikaa pale kama kitambaa kilichobanwa kwenye fremu. Za mlango wa dharura nazo ni hivyohivyo, na mashirika mengi hayamruhusu kukaa pale mtu anayetumia mkanda wa nyongeza. Anayekuuzia nafasi ya magoti wakati wewe unatafuta nafasi ya nyonga anakuuzia urefu wakati dirisha lako lina tatizo la upana.

Mtego wa pili ni lile daraja la katikati, kati ya la kawaida na la wakubwa. Siti zake nyingi zina inchi 19 hivi. Za Emirates zinafika 19 na nusu. Ni nzuri, kitambaa safi, glasi ya kioo. Lakini mikono yake nayo mara nyingi ina meza ndani, haiondoki. Mimi nina inchi 22. Siti mbili za kawaida, mkono wa kati ukinyanyuliwa, zinanipa inchi kama 36, maana ule mkono wenyewe ulikuwa unakula inchi karibu mbili. Kwa hiyo nasema bila kusita, kwa mwili kama wangu siti mbili za nyuma zinaishinda siti moja ya katikati, na mara nyingi hata kwa bei. Mwenye nyonga za inchi 19 anaweza kubisha, na atakuwa na haki. Daraja la wakubwa kabisa silizungumzii; faida ya kontena zima ingeishia humo.

Mtego wa tatu ulinipata nikiwa tayari najiona mtaalamu. Nilinunua siti mbili mtandaoni, mwenyewe, kwa simu, kwa shirika ambalo jina lake nalihifadhi. Siku ya safari mfumo ukanipa siti mbili kama nilivyolipa: moja mstari wa 24, nyingine mstari wa 37. Dada wa kaunta akasoma kompyuta yake, akasoma tena, akainua macho akaniuliza kwa heshima zote, "Sasa mama, utakaa ipi?"

Tulicheka wote, yeye akahangaika nusu saa akanirudishia zikiwa pamoja. Nilipofika uwanja wa kuunganisha ikawa vita nyingine. Kadi ya pili ya kupandia ndege haikupitishwa mlangoni, kompyuta ikasema abiria wa pili hajatokea, siti ikapewa kijana mmoja aliyekuwa akisubiri nafasi. Alikuja kukaa akiwa na furaha yake. Kompyuta ilimsubiri abiria wa pili atokee na miguu yake mwenyewe, kumbe tayari ameshakaa, ni nyonga.

Siku hizi sinunui mtandaoni. Naenda ofisini au napiga simu, nasema nataka siti ya ziada kwa abiria mmoja. Wao wana alama yao ya kuiandika, herufi EXST, karibu na jina langu, ili kila kaunta ijue kwamba siti hiyo ina mwenyewe. Naomba zipangwe palepale, moja dirishani na ya pembeni yake. Napewa kadi mbili za kupandia, na mlangoni zote mbili nazitoa zisomwe, hata yule kijana wa mashine akisema moja inatosha. Bei mara nyingi haifiki mara mbili kamili, kwa sababu zipo kodi za viwanja vya ndege zinazotozwa kwa kichwa na kichwa changu ni kimoja. Nakwepa Aprili na Oktoba, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, na nakwepa majuma ya mwaka mpya wa Kichina. Wakati huo bei ya siti moja tu inakutoa jasho.

Huko Kanada wametangulia. Mwaka 2008 mamlaka yao ya usafiri iliamua kwamba, kwa safari za ndani ya nchi, mtu ambaye unene wake umekuwa ulemavu asitozwe nauli ya pili kwa siti anayoihitaji. Mashirika yalikwenda hadi Mahakama ya Juu, ikakataa kuwasikiliza. Kwetu kanuni ya namna hiyo sijaiona, na mimi ni mfanyabiashara, najua gharama itahamia kwa nani. Ila ningependa angalau upana wa siti uandikwe kwenye tiketi, pale wanapoandika kilo za begi. Mimi nikikuuzia pazia bila kukutajia upana utaniita tapeli.

Zipo safari ambazo fedha haziruhusu siti mbili. Hivi karibuni nilikuwa na moja. Nilitangulia, nimevaa mkanda wa nyongeza nilioomba mlangoni kwa sauti yangu ya dukani, akaja kijana mwembamba, mwanafunzi anayerudi chuoni. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Sikiliza kabla hujakaa. Mimi ni mpana kuliko hii siti, na hakuna wa kulaumiwa kati yetu. Tukiuacha huu mkono chini tutaumia wote wawili. Tukiunyanyua nitachukua kipande chako kidogo. Au tusubiri wafunge milango, kama kuna nafasi nyuma uhamie, ulale vizuri." Akafikiri. Akasema, "Tunyanyue kwanza mama, tuone." Tukaunyanyua. Milango ilipofungwa mhudumu akamtafutia siti nyuma, akakataa kwenda, akasema pale kuna joto zuri, ndege ina baridi. Alilala akaniegemea bega hadi Guangzhou, na mimi nikawa nimegeuka siti yake.

Upande wa njia nako kuna siri ambayo wengi hatuijui. Chini ya ule mkono wa nje, karibu na bawaba kule nyuma, siti nyingi zina kitufe au kijiti kidogo. Ukikibonyeza mkono unanyanyuka na nyonga inapata pa kupumulia, na kunyanyuka kwenda chooni hakuhitaji tena kujipenyeza. Wakati wa kupaa na kutua unaushusha. Sasa nakunywa maji. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007: kukaa bila kujongea safarini kwa saa nne au zaidi kunaongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na wanene tumo kwenye kundi linalotakiwa kuwa makini zaidi. Hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, lakini ule uvimbe niliokuwa naubeba kimya haukuwa wa kuchezea. Navaa soksi za kubana alizoniandikia daktari, kila baada ya muda natembea hadi nyuma na kurudi, na ndege nyingi za njia mbili zina choo kimoja kipana kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu. Muulize mhudumu kiko wapi, atakuonyesha.

Mume wangu nilimwambia. Nilimwonyesha ukurasa wa daftari wenye 56. Akauliza dirisha la wapi hilo dogo hivi.

Wifi yangu wa Tanga, ambaye ana mwili kama mimi, anakwenda Muscat kumwona mwanawe aliyeolewa kule, na amekuwa akiahirisha tangu mjukuu azaliwe kwa visingizio vya mguu. Juzi alinipigia simu. Nikamwambia akae benchini, nyonga ukutani, asukumiwe gunia la mchele upande wa pili, apime. Nikasikia vurugu, watoto wanacheka, gunia linaburuzwa. "Hamsini na moja!" akapiga kelele. Nikamwandikia kwenye daftari lilelile. Kwa saa tano na ushei za Muscat huenda siti moja na mkanda wa nyongeza vikamtosha akipata ya njiani, au akipangwa na binti yake anayemsindikiza. Tunaendelea kutafuta.

Mimi tiketi ya Novemba nimeshaichukua, siti mbili, mstari mmoja. Kilichobaki ni mabegi. Nimemuuliza wakala: kama nimelipia siti mbili, si nina haki ya mizigo ya abiria wawili, ya kilo 23 mara nne? Akasema siti ya ziada haina mzigo kwa sababu si mtu. Nikamwambia basi na chakula chake kitolewe kwenye bei. Amecheka, amesema ngoja amuulize bosi wake, na mimi bado nipo kwenye simu.